Kinga ya jeni ndiyo iliyookoa biashara ya kiwi

Mwekezaji anayenunua hisa za kampuni huuliza habari za faida, madeni na uongozi. Anayeweka fedha katika shamba la matunda ya kudumu hana budi kuuliza jambo moja zaidi: mimea hiyo ina kinga gani ya asili dhidi ya magonjwa? Yaliyoipata biashara ya kiwi ya New Zealand tangu mwaka 2010 yanatosha kuwa fundisho.

Kiwi ni tunda la mmea utambaao wenye asili ya China. Mbegu zake zilifikishwa New Zealand mwaka 1904. Kwa miaka mingi zao hilo lilitegemea aina moja ya kijani, Hayward. Karibu na mwaka 2000 ikaingia sokoni aina ya manjano, Hort16A, iliyouzwa na kampuni ya Zespri kwa bei nzuri kuliko ile ya kijani. Wakulima wengi walikopa fedha na kuipanda.

Novemba 2010 bakteria ajulikanaye kwa kifupi kama Psa aligunduliwa Te Puke, katika mkoa wa Bay of Plenty ambako ndiko inakolimwa sehemu kubwa ya kiwi ya nchi hiyo. Psa alikwishaonekana Japan katika miaka ya 1980, na tangu mwaka 2008 alikuwa akiangamiza mashamba ya Italia. Hamdhuru mlaji, bali huua mmea: majani hupata madoa ya kahawia, matawi hunyauka, na shina hutoa utomvu mwekundu kwenye madonda.

Hort16A ndiyo iliyoathirika zaidi. Sababu ni kwamba kiwi ya biashara haipandwi kwa mbegu, bali huzalishwa kwa kubebesha vikonyo. Hivyo mimea yote ya aina moja ina jeni zile zile. Udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote, na ugonjwa unaoweza kuua mmea mmoja unaweza kuua mashamba ya mkoa mzima. Katika lugha ya soko, ni sawa na kuweka mtaji wote kwenye hisa ya kampuni moja.

Aina mpya yaleta nafuu

Mwaka huo huo wa 2010 ilikuwa imetolewa kwa wakulima aina nyingine ya manjano, Gold3, ambayo leo huuzwa kwa jina la SunGold. Gold3 haikuzalishwa kwa ajili ya kupambana na Psa, kwani ugonjwa huo ulikuwa haujaonekana nchini. Hata hivyo, mashambani ilionekana kuuvumilia zaidi kuliko Hort16A. Wakulima walikata mimea ya zamani na kubebesha vikonyo vya Gold3 juu ya mashina yale yale.

Ieleweke kwamba kuvumilia si kuwa salama kabisa. Gold3 huweza kuugua, na mkulima bado hulazimika kupogoa kwa uangalifu na kupulizia dawa za shaba. Nazo dawa hizo zina mashaka yake: wataalamu wamekwisha kugundua Psa wenye usugu dhidi ya shaba katika mashamba ya New Zealand.

Jinsi kinga inavyofanya kazi

Psa huingiza ndani ya chembe za mmea protini zaidi ya 30 za kulemaza ulinzi wake. Mmea wenye jeni zinazofaa huzitambua baadhi ya protini hizo na kuzuia bakteria asiendelee. Mmea usiozitambua huachwa wazi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu uzao wa Hort16A na dume lenye kinga ulionyesha kuwa kinga hiyo hutoka katika sehemu kadhaa za kromosomu, si katika jeni moja tu. Kwa mzalishaji wa mbegu hiyo ni kazi ndefu, maana lazima akusanye jeni nyingi katika mmea mmoja bila kupoteza utamu wala uwezo wa tunda kukaa ghalani. Uchunguzi wa vinasaba vya mche mchanga humsaidia kuchagua mapema, badala ya kungoja miaka kadhaa.

Kuna aina ya kiwi ya matunda madogo, Actinidia arguta, yenye kinga kubwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mmea huo hutambua protini nne za Psa. Lakini katika mashamba ya arguta walipatikana bakteria waliokwisha kupoteza baadhi ya protini hizo, na hivyo kupunguza nafasi ya kutambuliwa. Kinga inayosimama juu ya jeni chache huweza kukwepwa.

Maana yake kwa mfuko

Thamani ya jeni imo katika bei ya leseni. Katika zabuni ya mwaka 2021, haki ya kulima SunGold kwenye hekta moja ilivuka dola 500,000 za New Zealand, bila kuhesabu ardhi. Kwa upande mwingine, wakulima walioishtaki serikali wakidai mamia ya mamilioni kwa hasara ya Psa walikubali suluhu ya dola milioni 40 mwaka huo huo wa 2021. Anayetegemea fidia kuwa ndiyo bima yake na apige hesabu hiyo.

Kabla ya kutia fedha katika zao la aina hii, msomaji aulize: shamba lina aina ngapi? Kinga yake inatokana na jeni chache au nyingi? Mwenye haki ya aina hiyo anayo nyingine ya akiba inayojaribiwa? Pasipo majibu, faida ya msimu mmoja isichukuliwe kuwa dalili ya usalama. Hort16A nayo ilikuwa ikileta faida hadi Novemba 2010.