Kahawa ya kulowekwa: mambo ya kujua kabla ya kuionja

Kwa mtu aliyezoea kikombe cha kahawa chenye kufuka mvuke, kuletewa bilauri ya kahawa yenye barafu ni jambo la kushangaza. Hata hivyo, mtindo huu ulioenea katika migahawa ya miji mingi duniani unaafikiana na joto la Bujumbura, na mkazi wa Gihosha aweza kuujaribu nyumbani bila mashine yoyote. Yampasa tu kuwa mwangalifu kuhusu mambo mawili: maji na buni.

Tofauti iko wapi?

Wengi hudhani kuwa hii ni kahawa ya moto iliyoachwa ikapoa. Sivyo. Kahawa hii haipikwi kabisa: unga wake hulowekwa katika maji baridi kwa saa 12 hadi 18, kisha huchujwa. Maji ya moto huitoa ladha ya buni kwa dakika chache, pamoja na uchungu na ukali wake. Maji baridi hufanya kazi polepole, na sehemu ya ukali huo hubaki katika makapi. Ndiyo maana anayeionja kwa mara ya kwanza huiona laini, na pengine asihitaji sukari. Ulaini huo usimdanganye: kafeini yake yaweza kulingana na ya kahawa ya moto, au hata kuizidi.

Maji yachemshwe kwanza

Hapa ndipo penye hatari. Anayepika kahawa huyachemsha maji bila hata kukusudia kuua vijidudu. Anayeiloweka hana kinga hiyo. Mwezi Januari 2023, Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na Bujumbura ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Kwa hiyo maji yachemshwe, yafunikwe na kuachwa yapoe kabla ya kutumiwa. Barafu nayo itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa.

Chukua gramu 100 za kahawa iliyosagwa kwa chembe kubwa, uitie katika lita 1 ya maji hayo. Funika chombo, ukiweke ndani ya friji usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa safi. Inywe ndani ya siku chache. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, ni afadhali kuimwaga.

Buni ya nyumbani

Burundi hulima zaidi arabika ya aina ya Bourbon, hasa katika nyanda za juu za Kayanza na Ngozi. Kilimo hicho kilienezwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, na mwaka 2012 nchi iliandaa kwa mara ya kwanza shindano la kimataifa la Cup of Excellence. Lakini sehemu kubwa ya mavuno huuzwa ng'ambo, na wengi waliokuza zao hilo hawajapata kuonja ubora wake.

Kabla ya kuiloweka, inuse kahawa iliyosagwa. Harufu ya kiazi kibichi ni dalili ya kasoro ijulikanayo katika kahawa ya Burundi na Rwanda, ambayo huhusishwa na mdudu aitwaye antestia. Punje moja tu yaweza kuharibu chombo kizima.

Ikiwa buni ni nzuri na maji ni salama, bilauri hiyo itampa Mrundi nafasi ya kuonja kile ambacho wageni wamekuwa wakikisifu kwa miaka mingi.