Jamvi la stoo: piga hesabu kabla hujatuma hela

Fundi akipiga simu, "bosi, tuma hela ya mifuko 15," usikimbilie kutuma. Muulize vipimo. Stoo ya uani ya mita 3 kwa 4, zege unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 1.2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 inaingia mifuko 8 ya simenti ya kilo 50. Weka 9, maana kuna kumwagika. Mchanga nusu mita na ushei, kokoto mara mbili yake. Mimi niliwahi kulipia mifuko 16 kwa kibanda kama hicho, na uhasibu wangu wote! Kifusi, kushindilia na maji ya kumwagilia siku 7 viandike mapema, ndivyo vinavyorudi kama "dharura". Ufundi lipa nusu, nusu nyingine zege likishakomaa.