Tangi la Samaki Bwaloni: Maji Hutangulia, Samaki Hufuata

Wasomaji wetu walio katika vikosi vya jeshi na polisi wanajua vema kwamba kambi haiwi kambi kwa sababu tu mahema yamesimama. Kabla ya kikosi kulala mahali papya, mashimo ya vyoo huchimbwa, mahali pa kutupia taka huchaguliwa, na maji ya kunywa hutengwa mbali na hayo yote. Kikosi kinachopuuza mambo hayo huweza kuangushwa na kuhara damu kabla hakijamwona adui. Leo twataka kuzungumza juu ya kambi ndogo mno, yenye kuta nne za kioo, ambayo wakaazi wake aghalabu hufa kwa sababu hiyo hiyo. Hiyo ni tangi la samaki.

Miaka michache iliyopita tulialikwa katika kambi moja iliyo karibu na Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Bwalo la maafisa lilikuwa limepakwa rangi mpya, na kando ya ukuta palikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 45. Lilijazwa maji ya bomba asubuhi, na jioni ile ile wakamiminwa humo vifaranga 30 vya ngege kutoka kwa mfugaji mmoja, kwa maana mgeni mheshimiwa alitarajiwa kesho yake. Mgeni alikuja, akapendezwa, akaenda zake. Siku ya tatu samaki walianza kuelea juu juu, wakifumbua na kufumba vinywa kama watu waliokosa pumzi. Siku ya tano walikuwa wamebaki saba, na siku ya saba hapakuwa na hata mmoja.

Maji yenyewe yalikuwa maangavu. Mtu angeweza kusoma gazeti hili kupitia tangi zima. Kwa hiyo hakuna aliyeyashuku maji, akashukiwa mtu. Askari mmoja kijana, aliyekuwa amekabidhiwa tangi hilo, aliambiwa kwamba bila shaka amelisugua kwa sabuni, au pengine ametia sumu kwa makusudi. Alitakiwa kuandika maelezo. Aliandika ukurasa mzima kwamba alitumia maji matupu na kitambaa kipya, wala hakuaminiwa.

Nasi twakiri kwa aibu kwamba tulikuwa miongoni mwa watoa shauri. Tulisema: mwageni maji yote, chemsheni changarawe, osheni chujio kwa maji ya moto, kisha anzeni upya. Yote yakafanyika kama tulivyosema. Wakaletwa samaki 10 tu, wakaishi siku kumi na moja, kisha wakafa wote kwa muda wa siku mbili. Safari hii matamvua yao, ambayo kwa kawaida ni mekundu, yalikuwa na rangi ya kahawia. Shauri la yule kijana likazidi kuwa zito.

Aliyemwokoa alikuwa mzee mmoja mstaafu wa kazi za uvuvi, aliyefika kambini kwa shughuli nyingine kabisa. Alilitazama tangi, akauliza swali moja tu.

"Lilikaa siku ngapi bila samaki?"

"Halikukaa, mzee," akajibu kijana.

Mzee akamgeukia mkubwa wa bwalo. "Afande, huyu hana kosa. Samaki hawa wamekufa kwa uchafu wao wenyewe."

Maneno hayo yanahitaji maelezo. Samaki hutoa sehemu kubwa ya taka za mwili wake kupitia matamvua, nayo hutoka katika sura ya amonia, ambayo ni sumu. Chakula kinachobaki na kuoza huzidisha amonia hiyo. Ziwani haina madhara, kwa sababu maji ni mengi mno na viumbe vya kuila hawana idadi. Katika tangi tulilolieleza, lenye lita zipatazo 180 likijaa, amonia haina pa kwenda. Haina rangi, na ikiwa kidogo haina hata harufu ya kumshtua mwanadamu, lakini huunguza matamvua ya samaki hata asiweze kuvuta hewa. Kadiri maji yanavyokuwa ya moto na yanavyoelekea upande wa magadi, ndivyo sumu hiyo inavyokuwa kali zaidi.

Kinachoiondoa ni bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Walakini nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu na kuizuia isichukue hewa, na damu hiyo hugeuka rangi ya kahawia. Ndiyo sababu ya yale matamvua tuliyoyaona. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi kikubwa, na ambayo mimea huila. Makundi haya mawili hayaji kwa wakati mmoja. La pili hungoja mpaka la kwanza limekwisha kufanya kazi, na kwa hiyo tangi jipya hupita katika hatari mbili, moja nyuma ya nyingine. Samaki wetu wa awali walikufa katika ile ya kwanza. Wale 10, kwa kuwa walikuwa wachache, waliivuka hiyo wakafia katika ya pili.

Yafaa tuseme jambo moja la historia, kwa maana limetupendeza. Mnamo 1850 mkemia wa London aitwaye Robert Warington alitangaza majaribio yake ya kuwaweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mimea ya majini ndani ya chombo cha kioo. Majani yalipooza na kuchafua maji, aliongeza konokono ili wayale, na samaki wakaendelea kuishi. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watazamaji. Wakati ule wote waliamini kwamba siri ilikuwa katika mimea na hewa yake. Mwanawe, ambaye naye aliitwa Robert Warington, alikwenda kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, akichunguza jinsi amonia inavyogeuka nitrati katika udongo wa shamba, na ni yeye aliyeonyesha kwamba kazi hiyo hufanyika kwa hatua mbili. Bakteria wenyewe alishindwa kuwatenga. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu mnamo 1890. Hivyo baba alitengeneza tangi, na mtoto, akiwa shambani, akaelekea kwenye jibu la kwa nini tangi la baba yake lilifanya kazi. Sijambo, jibu lenyewe lilichelewa kukamilika: ni mwaka 1998 tu ambapo wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba bakteria wakuu wa hatua ya pili katika matangi ya maji baridi ni wale wa jamii ya Nitrospira, wala si wale waliotajwa vitabuni kwa miaka mingi.

Sasa turudi bwaloni. Bakteria hawa hawaishi kwa wingi katika maji yenyewe. Hung'ang'ania changarawe, mawe, kuta, na zaidi ya yote sponji ya chujio, mahali panapopita maji yenye hewa. Tulipoamuru changarawe ichemshwe na chujio lioshwe kwa maji ya moto, tuliwaua wachache waliokuwa wameanza kukaa, tukalirudisha tangi siku ya kwanza. Tena hawa si wepesi wa kuzaana. Bakteria wa kawaida wakipata chakula huweza kujigawa kila nusu saa au chini yake. Hawa wa tangi huhitaji nusu siku, mara nyingi siku nzima na zaidi. Hapana amri ya mkubwa yeyote inayoweza kuwaharakisha.

Mzee alituelekeza hivi, nasi twayarudia kwa faida ya wasomaji. Kwanza ni meza. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi tangi kama lile hubeba kilo 180 za maji peke yake, kabla ya kuhesabu kioo na changarawe. Meza ya chuma iliyosawazishwa sakafuni yafaa. Kabati la nguo halifai. Tangi lisiwekwe mahali jua linapopiga moja kwa moja, kwa sababu maji yatapata moto na kugeuka kijani kwa mwani. Changarawe ioshwe kwa maji matupu mpaka maji yatoke safi. Sabuni isikaribie chochote, wala ndoo iliyowahi kutumika kwa sabuni isitumiwe.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili sisi tusiugue, na klorini hiyo huwaua bakteria tunaowahitaji na kuwaumiza samaki. Yakiachwa katika ndoo wazi kwa siku moja au mbili, klorini huruka. Lakini mahali pengine hutumika kloramini, ambayo hairuki hivyo. Hapo hutiwa dawa ya thiosalfeti, nayo amonia inayobaki hungoja kuliwa na bakteria. Baada ya hapo pampu ya hewa na chujio hufunguliwa, na visizimwe tena mchana wala usiku. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria wa chujio hukosa hewa na kufa, jambo ambalo wenye jenereta kambini waliangalie. Samaki wengi wa maeneo yetu hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Jinja na Entebbe hupati tabu, bali askari aliyehamishiwa Kabale, ambako usiku ni wa baridi kali, atahitaji kifaa cha kupasha maji moto.

Kisha huja lile jambo ambalo watu wengi huliona kama kichekesho: kuwalisha bakteria katika tangi lisilo na samaki. Mzee alimwagiza yule kijana kutia kipande cha mukene mkavu asiye na chumvi, kikaoze ndani ya kifuko cha wavu. Mwenye amonia safi ya chupa, isiyo na sabuni wala manukato, anaweza kutia kidogo kidogo mpaka kipimo kionyeshe miligramu 2 kwa lita. Vipimo ni chupa ndogo za matone yanayobadili rangi ya maji. Pasipo hivyo mtu hufanya kazi gizani. Katika siku za kwanza amonia hupanda. Baadaye hushuka na nitriti hupanda. Hatimaye nitriti nayo hushuka. Siku ambayo amonia iliyotiwa jana imekwisha leo, na nitriti ni sifuri, ndiyo siku ya kufikiria samaki. Kwa kawaida ni majuma manne hadi sita. Ukipata kipande cha sponji kutoka katika chujio la tangi la zamani lenye samaki wazima, muda huo hufupika sana. Kuchota maji ya tangi la zamani pekee hakusaidii mno, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja.

Juu ya samaki wenyewe, ngege hafai kwa tangi la bwalo. Akilishwa vema hupita sentimita 40. Tena askari wanaowakamata wavuvi kwa ngege wasiofikia sentimita 25 hawatakuwa na uso wa kwenda kuvua vifaranga ziwani. Nkejje, ambao ndugu zetu wa Mwanza huwaita furu, ni wadogo, na madume wao wana rangi za kuvutia. Tuna sababu nyingine ya kuwapendekeza. Tangu mbuta alipopandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka mno katika miaka ya 1980, inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 za nkejje zimetoweka au karibu kutoweka. Aina chache zilichukuliwa na kutunzwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, na uhai wao umetegemea vijidudu hivi hivi vya chujio.

Kambini, tangi lilikaa siku 38 likiwa na maji, changarawe na harufu kidogo ya mukene. Yule kijana alidhihakiwa sana. Waliopita walimpigia saluti wakimwuliza kama maji yake hayajatoroka. Yeye alikuwa na daftari, akiandika kila asubuhi rangi ya matone, na daftari hilo ndilo lililowekwa katika faili mahali pa yale maelezo ya kwanza. Siku ya 39 aliweka nkejje wanne, majuma mawili baadaye wanne wengine, akibadilisha robo ya maji kila juma na kuisukutua sponji katika maji ya tangi lenyewe, kamwe si ya bomba.

Tulipokwenda tena, alituita kando akatuonyesha jike mmoja aliyejificha nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba, asiyegusa chakula kwa siku ya tisa. Tulidhani ni mgonjwa. Alikuwa amebeba mayai kinywani.