Kati ya Kichaa na Akajanja: Maana na Matumizi ya Maneno ya Wazimu katika Bukoba na Muleba

Katika Kiswahili, neno kichaa ni nomino ambayo hutumika pia kama kivumishi: mbwa kichaa, mtu kichaa. Mzungumzaji anaweza vilevile kuunda tungo kwa -enye au kwa -a: mwenye kichaa, vitendo vya kichaa. Tofauti hizi si za kimuundo pekee. Tukisema fulani ni kichaa, tunamtambulisha kwa hali hiyo. Tukisema ameshikwa na kichaa, hali imemjia na yaweza kumwacha. Tungo vitendo vya kichaa huhukumu tendo tu, na mtendaji huachwa kando.

Katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Kagera, uteuzi huo ulipata uzito wa pekee mwaka 1962. Tarehe 30 Januari, wasichana watatu wa shule ya misheni ya Kashasha, kiasi cha maili 25 kutoka mjini Bukoba, walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekumbwa. Walicheka, walilia, walihangaika huku na huko, na waliozuiwa walifanya fujo. Wasichana waliporudishwa makwao, hali hiyo ilizuka Nshamba pia na kuwapata watu 217. Hakuna aliyekufa. Vipimo havikuonyesha maradhi ya mwili.

Madaktari Rankin na Philip, walioandika juu ya tukio hilo mwaka 1963, walirekodi majina mawili ya wenyeji: enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, na akajanja, ambalo walilifasiri kuwa wazimu. Fasiri hii ya pili ndiyo inayotushughulisha. Katika Luganda, lugha jirani yenye undugu na Ruhaya, akajanja ni kiherehere: papara, kujitia mbele, kutotulia. Mwenye akajanja hukaripiwa. Hapelekwi kwa mganga. (Msomaji wa Kiswahili naye ajihadhari asivutwe na -janja ya mtoto mjanja, mfanano wa sauti hautoshi kuthibitisha asili moja.) Kiambishi aka- nacho ni cha ngeli ya udogo, tofauti na uzito wa neno wazimu, ambalo katika Kiswahili limefungamana na mizimu.

Kwa maoni yetu, wenyeji walikuwa wakitaja mwenendo, ilhali fasiri ikataja akili. Wasichana wale walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 18, na jina la wendawazimu lingeweza kuwafuata hadi kwenye posa. Kwa mzungumzaji wa Kagondo, iwe ya Bukoba au ya Muleba, anayetumia Ruhaya na Kiswahili kwa siku moja, fasiri iliyo karibu zaidi na kilichoonekana Kashasha ni vitendo vya kichaa, au walishikwa na kiherehere cha kucheka. Mwendawazimu abaki kwa yule ambaye tabibu amemthibitisha.