Bustani ya Entebbe na Viwanja vya Igoma

Hivi karibuni tulipata fursa ya kuizuru Bustani ya Mimea ya Entebbe, nchini Uganda. Safari yenyewe hatutaieleza kirefu: ni kupanda basi Mwanza, kuvuka ghuba kati ya Kigongo na Busisi, kupita Geita na Bukoba, kugongewa mihuri Mutukula, kisha kuuvuka mstari wa Ikweta kabla ya kufika Kampala. Ajabu yake ni kwamba baada ya mwendo huo wote msafiri hujikuta akiyatazama maji yale yale aliyoyaacha nyumbani. Ziwa ni moja, ila ng'ambo ile wana bustani na sisi hatuna.

Bustani hiyo ilianzishwa na Waingereza mwaka 1898, Entebbe ilipokuwa makao ya utawala wao. Ina hekta 40 hivi, zinazoteremka taratibu hadi ufukweni. Tusidhani kwamba iliwekwa ili wananchi wapate mahali pa kutembea Jumapili. Wakoloni walitaka kujua ni mimea gani ya kigeni ingestawi katika udongo huu na kuwaletea faida, wakajaribu hapo mpira, kahawa na kakao. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo kwetu, Dar es Salaam mwaka 1893 na Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Amani walipanda mikwinini, na katika Vita Kuu ya Kwanza magome yake yakawapatia askari wao dawa ya malaria. Kutoka milima hiyo hiyo ofisa wao wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa amepeleka kwao mwaka 1892 ua dogo la rangi ya zambarau. Wataalamu wakaliita kwa jina lake. Siku hizi ua hilo linamwagiliwa madirishani kote Ulaya na Marekani, na wengi wanaolitunza hawana habari kwamba kwao ni Tanzania.

Hata hivyo, kilichokusudiwa kwa faida ya wageni kimegeuka urithi wa wenyeji. Tulitembea chini ya miti ambayo mtu hawezi kuikumbatia peke yake. Mbega walikuwa wakirukaruka juu yetu. Lakini kilichotugusa zaidi ni vibao vidogo vyenye majina ya miti, pamoja na kijana aliyetuongoza. Kila alipofika kwenye mti aliupapasa kwanza, kama mtu amsalimuye mzee, ndipo akatuambia unaitwaje kwa Kiganda na unatibu nini. Alitueleza habari za mutuba, mti ambao gome lake huvuliwa na kugongwagongwa hata likawa nguo. Mmoja wetu akakumbuka kwamba Wahaya wa upande wetu nao waliivaa nguo hiyo. Kijana yule alifurahi kama aliyeletewa salamu za jamaa.

Tulirudi Igoma na swali. Je, ni nani atakayemfundisha mtoto wa hapa jina la mti? Mzee akiuona mbuyu husema ng'wandu, na anaweza kukaa nawe alasiri nzima akikusimulia habari za matunda, majani na magamba yake. Mjukuu wake husema "mti", basi. Elimu hiyo haimo katika kitabu chochote alichonacho shuleni, na wazee wanaondoka nayo.

Usukuma umekwisha kuonja gharama ya kupoteza miti. Kuanzia miaka ya 1920 mapori yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o, na mashamba ya pamba yakazidi kupanuka, hata sehemu kubwa ya nchi ikabaki wazi. Ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, haukuleta maarifa kutoka mbali. Uliwarudisha watu kwenye ngitili, desturi ya wafugaji ya kufunga eneo la malisho ili lipumzike, na zaidi ya hekta laki tatu zikaota tena. Lakini ngitili ni ya kijijini. Katika mji unaokua kama Igoma, kipande cha ardhi kikiachwa wazi mwaka mmoja, mwaka wa pili kina msingi wa nyumba.

Hatusemi kila ua zuri liletwe na kupandwa. Gugumaji nalo lilitoka Amerika ya Kusini likisifiwa kwa maua yake, na wavuvi wetu wanajua lilivyoziba mialo katika miaka ya 1990. Tunachoomba ni miti yetu wenyewe, mibuyu na mikwaju na mininga, ikiwa na majina yake matatu kibaoni, la Kisukuma, la Kiswahili na la kitaalamu. Makumbusho ya Bujora hayako mbali, pale Kisesa. Waliohifadhi ngoma na viti vya watemi hawatakosa kutusaidia kuwapata wazee wenye majina hayo.

Halmashauri ya Jiji la Mwanza itajibu kwamba ardhi ni ghali, na ni kweli. Lakini Igoma ipo sehemu moja ambayo hakuna atakayethubutu kuipima viwanja. Ni makaburi ya ndugu zetu waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, wakija Mwanza kutoka Bukoba kwa maji haya haya. Jamaa zao hufika pale kuwakumbuka, na jua la Mei si haba. Jamaa hao waulizwe kwanza. Wakiridhia, shimo la kwanza na lichimbwe kando ya makaburi hayo kabla ya mvua za vuli, na wao ndio wachague mti.