Miche ya Ndakaini na Maji ya Kariobangi

Mtu akaaye Kariobangi, akifungua mfereji asubuhi na kuona hautoi kitu ila hewa, kwa desturi hulaumu kampuni ya maji, kisha huchukua jerikani zake akaenda kununua maji kwa wachuuzi wa mikokoteni. Ni wachache wanaofikiri habari za milima. Lakini maji mengi ya mji huo, kabla ya kufika katika mitaa ya Eastlands, yamekwisha safiri mwendo mrefu. Ni mvua iliyonyesha juu ya misitu ya Nyandarua, iitwayo pia Aberdare, ikateremka kwa mito ya Thika, Kayuyu na Githika, ikakusanyika katika bwawa la Ndakaini, huko Gatanga katika kaunti ya Murang'a. Maji hayo husafishwa Ng'ethu, hupelekwa Gigiri, ndipo hugawanywa mjini.

Bwawa la Ndakaini lilimalizika kujengwa mwaka 1994, nalo laweza kuweka mita za ujazo milioni 70. Mwanzo wa mwaka 2017, baada ya mvua kukosekana, maji yake yalipungua sana hata Nairobi ikawekewa zamu za mgao, mtaa huu siku hii na mtaa ule siku nyingine. Akina mama wa Kariobangi wanaikumbuka ratiba ile bila kuisoma.

Wako watu wasemao kwamba miti huleta mvua, na wengine hukana. Ubishi huo yafaa uachiwe wataalamu. Jambo lililo wazi kwa kila aliyepata kulima mteremko ni hili: mvua ikianguka penye miti na majani makavu hunywewa na udongo polepole, ikatoka chini katika chemchemi miezi mingi baadaye, hata wakati wa kiangazi. Ikianguka juu ya ardhi tupu hukimbia siku ile ile, tena haikimbii peke yake bali huchukua udongo. Udongo huo hutulia katika bwawa na kula nafasi ya maji, na ulioko ndani ya maji hufanya kazi ya kuyasafisha iwe ghali zaidi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao kazi yake ni kuwasaidia wakulima wa juu kuzuia udongo kwa miti, matuta na majani, ili watu wa chini wapate maji.

Basi si ajabu kwamba vikundi vya vijana wa mjini, vya makanisa na vya michezo, hukodi basi Jumamosi na kwenda kupanda miti pamoja na shule za mashambani. Hata mbio za Ndakaini, zilizoanza mwaka 2004, zilikusudiwa kuwakumbusha watu jambo hili hili la kulinda chanzo cha maji. Serikali nayo ilitangaza tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ya kupanda miti, ikarudia tarehe 10 Mei 2024, siku ambayo pia waliombolezwa watu waliokufa kwa mafuriko. Na shabaha iliyowekwa ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hesabu hiyo ni kubwa. Walakini mche uliotiwa shimoni haujawa mti bado, na hapo ndipo kazi ya watu wa kujitolea huharibika mara nyingi bila wao kujua, kwa kuwa wamekwisha panda basi na kurudi nyumbani.

Kujitolea kwa ajili ya miti si jambo geni katika Kenya. Mwaka 1922 afisa wa misitu aliyeitwa Richard St. Barbe Baker, aliyekaa Muguga karibu na Kikuyu, aliona kwamba watu wana ngoma ya kupanda mbegu na ngoma ya mavuno, lakini miti haina ngoma. Wazee walimjibu kwamba miti ni shauri la Mungu. Kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo aliwaita vijana kwenye ngoma ya miti. Wakachaguliwa 50 wa kwanza, wakaahidi kupanda miti kumi kila mwaka na kuitunza miti popote ilipo. Waliitwa Watu wa Miti. Itazamwe vizuri ahadi ile: ilikuwa na sehemu mbili, na ya pili haikuwa na mwisho wala hesabu.

Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, mahali ambapo mtu wa Kariobangi hupita akienda mjini. Katika ile saba, ni miwili tu iliyodumu. Si aibu kulitaja jambo hili, maana kutokana na mwanzo huo ilitokea Green Belt Movement, ambayo imepanda miti zaidi ya milioni 50, na Maathai akapewa Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Siri moja ya chama hicho ni namna ya malipo yake. Akina mama wa vijijini, ambao hawakuwa na stashahada yoyote ya misitu, walilipwa kitu kidogo, senti nne za dola ya Marekani, si kwa kila mche waliopanda bali kwa kila mche ulioishi. Kwa mpango huo mwenye mche alikuwa na sababu ya kurudi kuutazama.

Sasa na tutazame shule. Mvua za masika hunyesha toka Machi hata Mei, na za vuli toka Oktoba hata Desemba, na katika majira hayo mawili ndipo miche hupandwa. Lakini shule za Kenya hufungwa mwezi wa Aprili, na hufungwa tena kwa muda mrefu mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo miche iliyopandwa kwa furaha mvua za vuli zikianza, nyimbo zikiimbwa na picha zikipigwa, baada ya majuma machache haina mtu. Mbuzi wa jirani huingia uani. Kisha huja jua la Januari na Februari. Watoto wakirudi na sare zao mpya hukuta vijiti.

Dawa yake si ngumu, ila yataka kuzungumzwa kabla ya basi kukodiwa. Kiongozi wa kikundi na amwendee mwalimu mkuu pamoja na kamati ya wazazi, mwezi mmoja au miwili mbele, awaulize wanataka miti gani na ni nani atakayeitunza wakati wa likizo. Mara nyingi huonekana kwamba watoto wakaao karibu na shule waweza kupewa miche mitano mitano, kila mtoto na yake, na mzazi akajua. Vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyoanzishwa mwaka 1962 na kufufuliwa mwaka 2021, vyafaa sana kwa shughuli hii, kwa sababu mtoto wa 4-K amezoea kuandika hesabu ya shamba lake katika daftari. Ikiwa shule haina maji, ni afadhali kupanda miche 60 kuliko 600. Neno hili huwachukiza wageni waliokuja na bango lenye hesabu kubwa, lakini wenyeji hulielewa mara moja.

Mashimo yachimbwe kabla ya mvua, marefu na mapana kadiri ya mkono toka kiwiko hata ncha za vidole. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe upande mmoja, na wa chini upande mwingine. Wakati wa kupanda, mweusi ndio utangulie kurudi shimoni, uzunguke mizizi. Karatasi ya nailoni ni lazima iondolewe. Hutokea mara nyingi kwamba watu wengi wakipanda kwa haraka miche huzikwa pamoja na karatasi zake, na mizizi hujizungusha humo hata mche ukafa. Kisha udongo ukanyagwe kwa mguu, pakaachwa kibonde kidogo cha kushika maji, na majani makavu yakatandazwa juu yake, ila yasiguse shina.

Katika kuchagua miti, wenyeji wasikilizwe. Mukima hukua upesi katika mipaka ya mashamba ya chai na hutoa kuni. Muiri na muringa ni miti ya asili yenye faida nyingi, ingawa yataka subira. Mkaratusi si adui mahali pake, maana mbao na nguzo zake zina soko zuri, lakini hunywa maji mengi, na mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru ikatwe iliyokuwa kando ya mito na chemchemi. Mtu asafiriye kutoka Kariobangi ili kuongeza maji, kisha akapanda mikaratusi juu ya chemchemi ya kijiji, amejipunguzia maji kwa nauli yake mwenyewe.

Kuhusu nauli, vikundi vyenye busara huigawa fedha yao mara mbili. Sehemu ya kwanza huwapeleka kupanda. Ya pili hufungiwa mpaka Februari, siku za jua kali, watu wachache tu wakaenda na majembe kupalilia, kutia maji na kuhesabu pamoja na watoto miche iliyo hai. Safari hii ya pili haina nyimbo wala bango, na aghalabu hakuna mgeni wa heshima. Mwalimu hufungua daftari la 4-K, na jina la kila mtoto husomwa pamoja na miche yake. Mahali palipokufa mche huwekwa kijiti cha alama, na shimo husafishwa papo hapo ili mche mwingine upandwe mvua ya masika ikianza.