Je, Wajua? Betsiboka, Mto Mwekundu wa Madagaska

Je, wajua kwamba mvua ya Antananarivo huikimbia bahari iliyo karibu? Mji mkuu huo wa Madagaska uko karibu zaidi na pwani ya mashariki. Lakini milima imeegemea upande huohuo, na kisiwa huteremka polepole kuelekea magharibi. Ndiyo maana mito ya mashariki ni mifupi yenye maporomoko, na ile ya magharibi ni mirefu. Mto Ikopa unaopita Antananarivo hukutana na Betsiboka karibu na Maevatanana, kisha maji yote huishia Mlango-bahari wa Msumbiji. Betsiboka yenyewe ina urefu wa kilomita 525 hivi.

Je, wajua wekundu wake unatoka wapi? Ni udongo wa nyanda za juu, wenye chuma kilichoshika kutu. Mvua za Novemba hadi Aprili huukwangua kutoka kwenye makorongo makubwa ambayo wenyeji huyaita *lavaka*. Kukata miti na kuchoma nyasi hulaumiwa sana, tena kwa haki, lakini baadhi ya makorongo hayo yalikuwapo kabla binadamu hajafika kisiwani.

Je, wajua kwamba wanaanga huuona mto huu? Katika picha zao, mto huingia Ghuba ya Bombetoka, karibu na Mahajanga, ukiwa kama mshipa wa damu uliopasuka baharini.

Je, wajua kwamba hasara ya mlimani ni ardhi mpya pwani? Tope likitua ghubani huzaa visiwa, mikoko ikaota juu yake. Juu kidogo, bonde la Marovoay limekuwa miongoni mwa maghala makuu ya mpunga nchini. Hata hivyo tope hilohilo huziba mifereji ya mashamba na kupunguza kina cha maji ya bandari.

Je, wajua kwamba bonde la Betsiboka liliua askari wengi kuliko bunduki? Mwaka 1895 Wafaransa walishuka Mahajanga na kufuata Betsiboka kwenda kuutiisha ufalme wa Malkia Ranavalona III wa Madagaska. Waliouawa vitani walikuwa wapatao 25 tu. Malaria na maradhi mengine yaliua maelfu, wengi wao wakiwa katika kazi ya kuchonga barabara kwenye mabwawa.

Je, wajua kwamba askari wa Afrika Mashariki waliuvuka mto huu? Septemba 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, kikosi chenye askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland kilipita Mahajanga kupambana na jeshi la Ufaransa ya Vichy, serikali iliyoshirikiana na Ujerumani. Daraja la Betsiboka lilikuwa limebomolewa, lakini ulikuwa msimu wa kiangazi na maji yamepungua. Tarehe 23 mwezi huohuo, Antananarivo ilitekwa. Kama wangechelewa hadi Januari, mto ungekuwa adui mkubwa kuliko Wafaransa.